Mwacheni Mtoto wa Ihanja Anunue Nyumba Anakoishi

Hapa Ihanja, wilayani Ikungi, mkoani Singida, jina la mtoto aliyeko ughaibuni likitajwa msibani au harusini, swali la kwanza ni moja: amejenga? Haulizwi kama ana kazi ya maana, kama watoto wake wanasoma, kama afya yake inamruhusu zamu za usiku. Kama amejenga, hata ikiwa ni boma lililoishia kwenye lenta, huyo ana akili. Kama hajajenga, na ikasikika kwamba amenunua nyumba hukohuko Houston ya Marekani au Reading ya Uingereza, tunamsikitikia kana kwamba amepotea. Jasho lake lote, tunasema, amewaachia Wazungu. Nimeyasikia haya kwa wazee ninaowaheshimu na kwa vijana waliosoma, na hata wabeba boksi wenyewe wakija likizo huyarudia kwa sauti ya chini, kama watu wenye kosa.

Mimi nayapinga. Mtu wa Ihanja ambaye maisha yake yako nje ya nchi, mwenye makaratasi halali ya kuishi huko na kazi anayoitegemea, anunue nyumba anakoishi kabla hajamwaga msingi wa jumba lake hapa. Na sisi tuliobaki tumwache anunue kwa amani. Tunamlipisha kodi ya pango kwa mwenye nyumba wa kigeni miaka ishirini ili sisi tupate paa la kuwaonyesha wapita njia, kisha tunaita hivyo mapenzi ya nyumbani.

Wanaosema kwamba kujenga nyumbani ndiyo asili yetu waitazame vizuri hiyo asili. Mnyaturu wa hapa kwetu alijenga tembe pale alipolima na kufuga. Kuta za miti na udongo, paa la udongo juu ya magogo: nyumba ya namna hiyo haiishi bila watu ndani yake. Masika yakipita paa linataka kurudishiwa udongo, moshi wa jikoni unazuia wadudu kwenye miti, na tembe likikosa mtu misimu michache linashuka lenyewe. Babu zetu hawakuwa na tembe la kulala na tembe jingine la heshima. Walipohama kufuata malisho au kuukimbia ukame, walijenga walikofika. Waliokwenda kukata mkonge Tanga na wasirudi, walijenga Tanga, na hakuna kikao cha ukoo kilichowadai nyumba ya pili huku. Kisha ikaja Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi ya baba zao wakapangwa vijijini, na makazi ya zamani yakabaki magofu. Watu wa Singida wanajua kuhama na kuanza upya. Hili la kujenga nyumba usiyolala ndani yake limekuja juzi, pamoja na bati, saruji na pesa inayofika kwa simu. Tusilivike joho la mababu.

Lakini hoja ninayotaka ipimwe kwa makini kuliko zote ni ya sheria, maana hapo ndipo tunapowapotosha watoto wetu. Tunawaambia kwamba nyumba ya huko ni ya ugenini na ya huku ni yako. Kwa wengi wao, ukweli umegeuka.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasema kwamba mtu mzima akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine, anaupoteza wa Tanzania. Mfikirie dada aliyekwenda Marekani kusomea uuguzi, akapata kazi, akaolewa, akazaa, na baada ya miaka akaapa kuwa raia wa huko ili kazi na watoto wake viwe salama. Hakuapa kwa kuichukia Ihanja. Hata hivyo siku aliyoinua mkono ndiyo siku aliyokuwa mgeni hapa. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, kwa kawaida inamnyima asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Na ardhi ya vijiji vyetu inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, ambayo hakimiliki yake ya kimila hugawiwa raia. Kwa hiyo dada huyu akinunua Houston, ananunua kama mwananchi, jina lake likiwa kwenye hati. Akijenga Ihanja, ndipo anaponunua nyumba katika nchi ya kigeni, tena bila hati.

Anafanyaje basi? Anaandika jina la kaka. Kiwanja kinanunuliwa kwa jina la kaka, fundi anapatana na kaka, mtendaji wa kijiji anamtambua kaka. Miaka kumi baadaye kaka anafariki, na mjane wake na watoto wamo ndani ya nyumba hiyo. Simlaumu mjane. Karatasi zote zina jina la mume wake, amezaa na kulea humo, na baraza la ardhi la kijiji likiketi litasoma kilichoandikwa. Dada atakuja na risiti za kutuma pesa na ujumbe wa simu, ataitwa mwenye tamaa anayetaka kuwatoa yatima nje, na hata akishinda atakuwa amempoteza shemeji na wapwa. Kesi za namna hii zimezivunja familia nyingi nchini, na nyingi zilianza na ushauri tunaoutoa kwa moyo mweupe: jenga nyumbani, sisi tupo.

Hata yule ambaye bado ana pasipoti ya Tanzania asidhani yuko salama kabisa. Sheria hiyohiyo ya Ardhi ya Vijiji, inapoeleza ardhi iliyotelekezwa, inamtaja mtu aliyeondoka nchini bila kuacha mtu wa kuiwajibikia ardhi yake na bila kuitaarifu halmashauri ya kijiji. Huwa hatuwaambii hili tunapowasindikiza stendi.

Mwaka 2025 Serikali ilileta hadhi maalumu kwa raia wa kigeni wenye asili ya Tanzania, na sheria ya ardhi ikaguswa ili nao wapate njia ya kumiliki. Nilifurahi, na ninawashukuru waliopigania. Lakini hadhi ni ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa ndiye mwenye kuweka masharti yake. Wakenya walikubaliwa uraia pacha na Katiba yao ya mwaka 2010, kwa hiyo mtoto wa Machakos aliyeko Boston anaweza kushika pasipoti mbili na shamba la babu yake kwa jina lake mwenyewe. Wetu bado. Humuhumu wilayani Ikungi, kule Mang'onyi, mgodi wenye mtaji wa kigeni unatoa dhahabu tangu mwaka 2023, kwa leseni, mikataba na wanasheria. Mgeni mwenye kampuni anaingia Ikungi akiwa na karatasi zinazomlinda. Mtoto aliyezaliwa Ikungi anaingia na jina la kaka yake. Mpaka hilo litakapokwisha, kumwambia aweke akiba ya maisha yake yote hapa ni kumwambia abahatishe.

Sasa pesa. Husemwa kwamba nyumba ya mkopo ni ya benki, na kwamba riba inamla mtu mpaka mifupa. Hesabu ya riba siifichi. Chukua mkopo wa dola 200,000 kwa asilimia 6.5, wa miaka 30, riba isiyobadilika kama ilivyo kawaida Marekani. Kila mwezi utalipa kama dola 1,264, na ukimaliza utakuwa umelipa zaidi ya dola 455,000. Riba peke yake imezidi mkopo wenyewe. Juu yake kuna kodi ya majengo, bima, na paa likivuja ni lako. Anayesema mkopo ni mzigo anasema kweli.

Ila hasemi upande wa pili. Mtu huyu hana chaguo la kutolala mahali. Akipanga kwa dola 1,600 kwa mwezi, kodi isipande hata senti moja, miaka ishirini itachukua dola 384,000, na siku ya mwisho atarudisha funguo aondoke na masanduku yake. Na kodi ya pango hupanda. Malipo ya mkopo usiobadilika riba yanabaki yaleyale ya mwaka wa kwanza, wakati mshahara unasogea. Kila mwezi sehemu ya malipo inapunguza deni, mwanzoni kidogo sana, baadaye nyingi. Na hati inasomeka jina la mnunuzi tangu siku ya kwanza. Benki inashikilia rehani tu, na deni likiisha rehani inafutwa. Kwa Mwislamu anayekwepa riba, Uingereza kumekuwa na benki ya Kiislamu tangu mwaka 2004, ambapo mnunuzi na benki wanamiliki nyumba pamoja na mnunuzi anainunua sehemu ya benki kidogokidogo.

Linganisha na huku. Mikopo ya nyumba Tanzania imekuwa ikitozwa riba ya kama asilimia 15 hadi 19. Milioni 100 kwa asilimia 16, kwa miaka 20, unarudisha kama milioni 334. Na hiyo ni kwa nyumba ya mjini yenye hati. Nyumba ya Ihanja benki nyingi hazitaitazama, ndiyo maana inajengwa tofali kwa tofali kwa pesa taslimu, miaka nenda rudi, huku nondo zilizonunuliwa mwaka juzi zikiliwa na kutu. Ikikamilika, nani ataipanga kwa kodi inayolingana na gharama? Nani atainunua mwenyewe akipata shida? Mwalimu au mganga anayehamishiwa hapa anatafuta vyumba viwili, hawezi kulipia jumba la vyumba vitano lenye nguzo mbele. Kwa hiyo linafungwa. Analipwa mlinzi. Mchwa wanaanza na fremu za milango, popo wanaingia darini, na kila mwaka pesa inatumwa ya kukarabati nyumba ambayo hakuna aliyeichakaza.

Ni lazima niweke mpaka hapa, kwa sababu nikitetea kununua nyumba nje kuna watakaonisikia vibaya. Simtetei mtu aliyeko Dar es Salaam au Singida mjini anayeshawishiwa hotelini, kwa picha na juisi, anunue fleti Dubai ambayo bado haijajengwa. Dubai ilifungua maeneo ya wageni kumiliki mwaka 2002, bei zikapanda kwa kasi, kisha mwaka 2008 na 2009 zikaanguka kwa karibu nusu, na wengi walikuwa wameshalipia majengo ambayo hayakusimama. Huyo hanunui makazi, anacheza na bei. Nchi nyingine zimeanza kuwazuia watu wa aina hiyo: tangu Januari 2023 Kanada imewakataza wageni wasio wakazi wa kudumu kununua nyumba za kuishi katika miji yake, na mwaka 2025 Australia nayo ikawafungia wageni nyumba zilizokwisha kujengwa. Lakini tazama walivyoandika: mkazi wa kudumu hakuguswa. Serikali hizo zimeona tofauti ambayo sisi vikaoni hatuioni, kati ya anayenunua nyumba alale na watoto wake na anayenunua ili aiuze.

Wala simtetei asiye na makaratasi anayetaka kujifunga mkopo, au anayechukua mkopo wa riba inayopandapanda kwa sababu dalali amemwahidi kwamba bei haishuki. Katika msukosuko wa mwaka 2008 na miaka iliyofuata, mamilioni ya watu Marekani walitolewa kwenye nyumba zao, wengi kwa mikopo ya namna hiyo, na wahamiaji walikuwamo. Mtoto wetu akituambia anataka kununua, tumuulize riba yake ni ya aina gani, ana akiba ya miezi mingapi kazi ikikatika. Hayo ndiyo maswali ya mzazi.

Halafu kuna hofu ya kufukuzwa. Siidharau. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini, wakaacha maduka na majumba. Lakini simulizi hiyo haikuishia uwanja wa ndege wa Entebbe. Uganda ilitunga sheria ya mali zilizotwaliwa mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa majengo yao, kwa sababu walikuwa na hati zenye majina yao. Aliyekuwa na karatasi alikuwa na pa kuanzia. Na tusisahau ya kwetu: mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na miongoni mwa waliopoteza walikuwamo raia wa nchi hii. Nyumba ambayo mwenyewe aliikalia yote, pamoja na familia yake, iliachwa. Anayetaka kutumia historia kumtisha dada wa Houston aitumie yote. Historia hiyo inamwambia ashike hati kwa jina lake na aishi ndani ya alichonunua, na hayo mawili nyumba ya Ihanja haimpi.

Tunasema pia kwamba atazeeka, na uzee ni nyumbani. Ninatamani iwe hivyo kwa kila mmoja wao. Lakini bima ya wazee ya Marekani, ile aliyokatwa kwenye mshahara tangu ujana, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Pensheni ya serikali ya Uingereza inalipwa hata ukiwa Tanzania, ila inabaki kiwango kilekile cha siku ulipoondoka, haipandishwi kila mwaka kama ya mstaafu aliyebaki huko. Mzee mwenye kisukari, figo zikianza kuchoka, anahitaji vipimo vya mara kwa mara. Makiungu tunayo hospitali ya misheni iliyotuhudumia tangu zamani za wakoloni, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko Singida. Ninawaheshimu wauguzi wao. Hata hivyo mtu huyo amelipia matibabu yake mahali pengine kwa miaka arobaini. Watoto wake wako huko, wajukuu wako huko. Wengi watakuja miezi miwili mitatu wakati wa mavuno, wakae nasi, warudi. Kwa miezi hiyo chumba kimoja kizuri nyumbani kwa mama kinatosha sana.

Mama huyo nimwombee nafasi yake, kwa sababu ndiye tunayemsahau tunapopiga kelele za kujenga. Nimeona mara nyingi jumba jipya limesimama tupu, na hatua chache kando yake mzazi bado analala chini ya bati lenye matundu, kwa kuwa pesa yote iliingia kwenye jumba. Sijasema mtoto asitume kitu. Atengeneze paa la mama, avute maji, alipe ada ya mpwa. Akipenda kuzalisha, ekari za alizeti na mashine ya kukamulia mafuta, au pampu ya kumwagilia vitunguu, vitailisha familia na kuajiri jirani. Na mtu asiyelipa pango linalopanda kila mwaka ndiye anayeweza kutuma hayo bila kukosa. Tukimlazimisha ajenge kabla hajapata pa kulala, tunamdhoofisha mtu yuleyule tunayemtegemea, halafu tunashangaa simu yake ikianza kutopokelewa.

Inabaki hoja ambayo watu huitoa mwishoni, wakiona nyingine zimeishiwa nguvu: akifa je, atazikwa wapi, na msiba utawekwa wapi? Naielewa, kwa sababu hakuna anayetaka jeneza la ndugu yake lifike lipokelewe kwa watu baki. Lakini haki ya kuzikwa Ihanja haijawahi kutokana na nyumba. Mtu anazikwa kwao kwa kuwa ni wa watu fulani, na waliokufa maskini bila hata kibanda wamezikwa kwa heshima na ukoo wao, tena hatujawasahau. Msiba wa mtoto huwekwa kwa wazazi wake. Nyumba hiyo ipo, na kama imechoka itengenezwe kwa mchango wa watoto wote, walioko Singida, Mwanza na Houston, kila mtu kwa kiasi chake. Mama akiwa bado na nguvu zake, aombewe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe, na aandike wosia mbele ya mashahidi kwamba nyumba hiyo haiuzwi wala haigawanywi, ni ya kupokelea watoto wote wanaorudi. Fomu za kuomba hati hiyo zinapatikana kwa mtendaji wa kijiji.